KONA YA WALIMU: Ua dogo la Mashyuza na jina lake

Wale waliotuuliza juu ya nini kona hii ilikosa mwezi uliopita, jibu ni fupi: tulikuwa Kigali. Tuliitwa walimu watano wa kujitolea kwenye mafunzo ya siku tatu, ya kufundisha sayansi bila vifaa. Chakula kilikuwa kizuri. Kilichokosa ni usingizi, maana nyumba tuliyolala iko pembeni ya barabara na pikipiki za Kigali hazilali. Hayo tuyaache.

Siku ya mwisho, mchana, tulipelekwa kutembea Nyandungu. Kwa wasiopajua, ni upande wa uwanja wa ndege, mahali palipokuwa na kinamasi kilichoharibika. Serikali ilikirudishia maji na miti, na mwaka 2022 watu wakafunguliwa kuingia. Ni pakubwa, zaidi ya hekta 120, kuna njia za kutembea, mabwawa na ndege wa kila aina. Kijana aliyetuongoza alikuwa anataja kila mti mara mbili, kwanza kwa Kinyarwanda, halafu kwa Kilatini. Umuko, Erythrina abyssinica. Umuvumu, Ficus thonningii. Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwenzetu anayefundisha hesabu akachoka, akamwambia:

"Bwana mdogo, hilo jina la pili ni la kazi gani? Mti wenyewe hausikii Kilatini."

Tukacheka sana. Kijana naye akacheka, lakini alikuwa na jibu. Alitupeleka kwenye bwawa moja, mayungiyungi yamefunguka juu ya maji, yale ambayo Wanyarwanda wanayaita irebe. Akasema: "Hizi munaziona ni kubwa. Iko nyingine ndogo, hakuna ndogo kuliko hiyo duniani, na kwao ni Bugarama. Jina lake la Kilatini halikutoka kwa mtu, lilitoka kwa mahali. Ukilisoma unajua kwao."

Bugarama! Sisi tuliotoka upande wa Kamanyola tuligeuka wote pamoja. Kamanyola na Bugarama wanatazamana, mto Ruzizi uko katikati. Wengine kati yetu tulivuka hapo mgongoni mwa mama zetu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutuonyesha maua. Basi usiku ule, pikipiki zikipiga kelele, tulikaa na simu moja yenye chaji tukasoma mpaka ikazima. Tuliporudi tuliendelea. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Jina la kisayansi la mmea lina maneno mawili. La kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ndilo linalotenga mmea huo na ndugu zake. Utaratibu huu ulishika nguvu kwa kitabu cha Mswidi mmoja, Carl Linnaeus, kilichotoka mwaka 1753. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Sasa ua letu linaitwa Nymphaea thermarum.

Nymphaea ni ukoo wa mayungiyungi, na neno limetoka kwa Wagiriki wa zamani. Walisimulia juu ya mabinti wa ajabu wanaokaa kwenye chemchemi na mito, kidogo kama mamba-muntu wa kwetu ziwani, ila wao hawakuwa na tabia ya kuzamisha mitumbwi. Thermarum ndilo neno lililotufurahisha zaidi, maana nusu yake munayo nyumbani. Ile chupa ya kutunza chai moto, termosi. Kile kipimo wanachokuwekea kwapani kwenye dispensari, termometa. Vyote vinatoka kwenye neno la Kigiriki la joto. Waroma walilichukua wakaita mabafu na chemchemi za maji moto thermae. Na huo mwisho wa "-arum" ni kama "za" yetu. Kwa hiyo thermarum ni "la chemchemi za maji moto". Yungiyungi la chemchemi za maji moto. Basi, hakuna uchawi ndani yake.

Aliyeliandika jina hilo ni Mjerumani Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea aliyefanya utafiti mwingi Rwanda. Mwaka 1987 alikuwa kwenye chemchemi ya Mashyuza, karibu na Nyakabuye, katika wilaya ambayo leo ni Rusizi. Maji pale yanatoka ardhini yakiwa moto. Ua lenyewe halikukaa ndani ya maji moto, lingeiva kama mchicha. Lilikaa pembeni, kwenye tope, pale ambapo maji yaliyofurika yalipita yakiwa yamekwisha kupoa mpaka digrii kama 25. Ua ni jeupe, katikati manjano. Jani lake dogo lina upana wa sentimita moja tu, ni kama kifungo cha shati. Muelewe udogo huo: kule Amerika ya Kusini kuna ndugu zake katika familia hiyo ya mayungiyungi ambao jani moja linafika mita tatu, na wataalamu wa Uingereza waliwapa jina la malkia wao, Victoria. Hili letu lilikosa malkia. Mwaka 1988 Fischer alilichapisha kwa jina la pale alipolikuta, na kwa desturi ya wataalamu jina lake yeye likafupishwa nyuma: Eb.Fisch. Ni kama saini ya aliyejaza fomu.

Hapa tuna neno letu kidogo. Vitabu vinapenda kusema "aligundua". Sisi tunaona "aliandika" linatosha. Mtu akishuka kila siku na ndoo mahali palepale, ataliona ua jeupe hata kama hana pa kulichapisha. Na kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba wenyeji walitangulia. Kwa Kinyarwanda, amashyuza ni chemchemi za maji moto. Ni neno la kawaida tu, muulizeni mtu yeyote nje ya kambi. Kwa hiyo Mashyuza na thermarum yanasema jambo lilelile. Kilatini kilifika pale kikakuta jina limekwisha kutolewa na watu wanaokoga hapo, kikalitafsiri, kikijua au bila kujua.

Sasa yaliyolipata ua hilo. Kwao palikuwa padogo sana, mita za mraba chache tu pembeni ya chemchemi moja. Watu wakaanza kuyatumia yale maji kwa kazi zao, maji hayakufurika tena kama zamani, lile tope likakauka. Kufika mwaka 2008 hapakuonekana hata mmea mmoja. Hatumlaumu mkulima anayetafuta maji. Sisi wenyewe tungechukua. Tunasema tu jinsi ilivyokuwa: miaka 21 tu tangu lionwe na Fischer, ua likakosekana kwao.

Lakini Fischer alikuwa amepeleka michache kwenye bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Huko ikaishi, ikiwa ndani ya nyumba ya vioo, mbali na chemchemi yoyote. Mwaka 2009 mbegu na miche kidogo vilipelekwa London, bustani ya Kew, kwa Mhispania mmoja aitwaye Carlos Magdalena ambaye kazi yake ni kuokoa mimea inayokwisha. Alipata shida. Mayungiyungi yote anayoyajua mtu huotea chini ya maji, halafu majani yanapanda juu. Alipolifanyia hili hivyo, miche ilikuwa inadhoofika na kufa. Alibadilisha maji, akabadilisha udongo, bado. Mwishowe akarudi kusoma maneno ya Fischer yalivyoeleza pale mahali: tope, si bwawa. Basi akaweka udongo kwenye vikopo, maji yakaishia usawa wa udongo, majani yakaguswa na hewa, joto digrii 25. Hapo yakapona, na kabla mwaka haujaisha yakatoa maua. Kumbe kilichokosekana ni ile hewa ya kaboni ambayo majani huivuta. Chini ya maji haikuwatosha.

Tulipowaeleza watoto hapa, wakapiga makofi. Sisi walimu tulipenda zaidi kile kidogo cha katikati: mtu alikuwa London na vifaa vyote, na jibu lilikuwa limeandikwa zamani katika habari za kwao na ua. Hata jina lingemwambia. Chemchemi si ziwa.

Sehemu iliyowafurahisha vijana wakubwa ni ya mwizi. Januari 2014 mtu aliingia Kew kama wageni wengine, akang'oa mmea mmoja mdogo, akatoka nao. Polisi wa London wakaanza kutafuta ua la Bugarama! Kijana mmoja wa darasa la sita alisema pale pale: "Mwalimu, sasa na yeye akawa mukimbizi mara ya pili." Tulimwacha acheke, lakini neno lake tuliliandika.

Na habari njema tusiifiche mpaka mwisho. Mwaka 2023 watafiti waliokuwa wanapita tena eneo la Mashyuza walilikuta. Halikuwa limekwisha. Lilikuwa limebaki kidogo mahali pa karibu, watu hawakuliona miaka 15. Ni michache bado, na iko hatarini kama zamani, lakini ipo kwao.

Tulifundisha somo hili Jumatano mbili, darasa la tano na la sita pamoja chini ya hema, kwa sababu ya mvua. Swali kubwa lilitoka kwa msichana wa mbele: "Wakati ilikuwa haiko tena Mashyuza, iko Ujerumani tu, jina walibadilisha?"

Hapana, hawakubadilisha. Wataalamu wa mimea wana sheria zao za dunia nzima, na mojawapo inasema jina lililotolewa kwa utaratibu halifutwi eti kwa sababu halifai. Hata likiwa na kosa, linabaki. Na makosa yapo. Kuna ua moja la nchi za bahari ya Mediterania ambalo Linnaeus aliliandika peruviana, maana yake "la Peru". Peru iko ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, na ua halikuwahi kuwa la huko. Mpaka leo linaitwa hivyo. Ule umuko wa Nyandungu ni abyssinica, wa Abisinia, yaani Ethiopia. Si uongo, unaota na huko, lakini unaota na Kigali, na Kivu, na Tanzania. Jina limeshika nchi moja tu.

Halafu tukawapa watoto mfano wanaoujua: kahawa. Kahawa ile nzuri ya milima ya Rwanda na ya Kivu inaitwa Coffea arabica. Arabica ni "ya Arabuni". Mwaka 1753 Linnaeus aliiandika hivyo kwa sababu Wazungu waliipata kutoka Yemeni, kwenye mashamba ya Waarabu na bandari ya Mocha. Lakini kwao kahawa hiyo si Arabuni. Kwao ni misitu ya milima ya Ethiopia na sehemu ya Sudani Kusini. Ilivuka bahari, ikalimwa Yemeni, na aliyeiandikisha akaandika mahali alipoikuta ikipita.

Kengele ililia, watoto wakatoka. Kijana mmoja wa darasa la sita akabaki, yule yule wa neno la mukimbizi. Akauliza polepole: "Mwalimu, kahawa na mimi si ni mamoja?"

Hatukuelewa. Akaeleza. Kwenye karatasi yake ya kuandikishwa, mahali pa kuzaliwa pameandikwa jina la kituo walikopokelewa mpakani. Kumbe alizaliwa Masisi, akavushwa na mama yake akiwa na wiki tatu. Aliyejaza fomu alikuwa na watu wengi siku ile, mvua, vilio, akauliza haraka haraka, au mama alijibu swali lingine. Hatumtafuti mwenye kosa. Lakini kosa limekua pamoja na mtoto. Kwenye mahojiano mama anasema Masisi, karatasi inasema kituo, na anayeuliza anainua macho kumtazama mama kama mwongo. Imetokea mara mbili. Mama alikwenda kuomba wasahihishe, akaambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani? Kituo cha afya alikozalia kiko nyuma ya milima na vita. Akarudi, akanyamaza. Akamwambia mtoto: tuache tu, jina la mahali halipiki chakula.

Jumamosi tulikwenda kumwona. Tulikaribishwa chai ya termosi, na tulipoiangalia ile termosi tukacheka wenyewe, yeye akatushangaa. Tukamweleza habari ya ua na ya kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatuuliza kitu kimoja tu: "Hao wa kahawa, kuna mtu alikwenda kuwaambia?" Tukamjibu kwamba dunia nzima inajua kwao kahawa ni Ethiopia, lakini sheria ya mimea hairuhusu kubadili. Akasema: "Sawa. Yangu si mumea."

Basi tuliandika barua, yeye akisema na sisi tukiandika. Kijiji alichojifungulia, jina la mlima ulio juu yake, jina la mkunga, siku ya soko iliyokuwa kesho yake. Jirani wawili waliokimbia naye walitia vidole kama mashahidi. Imepelekwa, imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala anayo. Jibu halijatoka bado. Wenye tatizo kama hilo, na tunajua ni wengi, waje Jumamosi baada ya saa nane kwenye darasa la pili. Tutaandika pamoja, bila malipo. Mulete karatasi yenyewe, musilete maneno tu. Na wenye watoto wa darasa la sita waangalie sasa hivi kama jina kwenye orodha ya mtihani linafanana herufi kwa herufi na lile la kadi. Mwaka jana tulikuwa na "y" moja iliyotutembeza wiki tatu.

Kazi ya watoto ya mwezi huu imetokana na somo hilo. Kila mtoto aulize kwa nyumba yao jina la mmea mmoja kwa lugha ya wazazi, Kihunde, Kishi, Kifulero, Kinyamulenge, Kinande, lolote, na maana ya jina hilo ikiwa mzee anaikumbuka. Mpaka leo tumekusanya majina 41. Mengine yanasema ugonjwa ambao mmea unatibu, mengine yanasema mnyama anayeula, na moja linasema, kwa adabu, kile utakachofanya ukila nyingi.

Lakini tumepata ugomvi. Mama wawili wa kijiji cha tatu wamegombana vikali juu ya jina moja. Huyu anasema ni majani ya kikohozi, yule anasema hapana, ni ya kufagilia. Walitaka sisi tuamue, na hatukuweza, maana hakuna aliyekuja na mmea wenyewe. Wataalamu wa mimea hawana ugomvi wa namna hii mara nyingi, kwa sababu kwa kawaida jina lao limefungwa na mmea mmoja uliokaushwa na kutunzwa kwenye karatasi ngumu. Ukibisha unaonyeshwa ule. Na sisi tumeanza hivyo hivyo. Tunaomba, kila jina lije na jani lake, na ua kama lipo. Mulikaushe ndani ya gazeti hili baada ya kulisoma, juu muweke jiwe siku nne, mulipeleke kwa mwalimu yeyote kati yetu watano. Wale mama wawili tunawangoja Ijumaa.